Tarakimu Nne za Mwisho: Uchambuzi wa Kisa cha Mat Honan

Jioni ya Ijumaa, tarehe 3 Agosti 2012, mwandishi wa habari za teknolojia Mat Honan alikuwa nyumbani kwake San Francisco akicheza na binti yake mdogo, simu yake ilipozimika ghafla. Ilipowaka tena ilimpeleka kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa, ule ambao mtu huuona anapoitoa simu mpya kwenye boksi. Alidhani ni hitilafu ya programu, na kwa kuwa simu ilizoea kujihifadhia nakala kila usiku, alikereka tu bila kuingiwa na hofu. Alipoingiza taarifa zake za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, zilikataliwa. Aliiunganisha simu na kompyuta mpakato yake ili airejeshee nakala, na kompyuta nayo ikamwarifu kwamba taarifa za akaunti yake ya Gmail si sahihi, kisha kioo kikageuka rangi ya kijivu na kumtaka aandike PIN ya tarakimu nne. Honan hakuwa amewahi kuweka PIN yoyote ya tarakimu nne. Hapo ndipo alipotambua kwamba kuna mtu mwingine ndani ya mali yake.

Kisa hiki kimepita miaka mingi, na baadhi ya taratibu zilizowawezesha wezi kukifanikisha zimekwishafutwa. Hata hivyo nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo visa vikubwa vya kuvuja kwa taarifa za mamilioni ya watu hulifunika kwa ukubwa wake. Hapa hakuna nenosiri lililovunjwa, hakuna kirusi cha kompyuta kilichopandikizwa, wala hakuna kiungo cha uongo ambacho mwathirika alikibofya kwa uzembe. Kilichotumika ni anwani ya nyumbani, anwani ya barua pepe na tarakimu nne za mwisho za kadi ya mkopo, yaani vitu ambavyo mtu huvitoa kwa wageni kila wiki bila hata kukumbuka kwamba amevitoa. Wezi walivipata vipande hivyo kimoja baada ya kingine, na kila kipande kikawa ufunguo wa mlango uliofuata.

Dakika thelathini na tisa

Mtiririko wa matukio unafahamika kwa usahihi usio wa kawaida, kwa kuwa Honan mwenyewe alikusanya kumbukumbu za barua pepe na za simu za huduma kwa wateja, akazichapisha siku tatu baadaye katika jarida la Wired alikokuwa akiandikia.

Saa 10:33 jioni, mtu alipiga simu kitengo cha huduma kwa wateja cha Apple akijitambulisha kuwa ni Mat Honan, na kudai kwamba hawezi kuingia katika barua pepe yake ya me.com. Hakuweza kujibu maswali ya usalama ambayo mwenye akaunti alikuwa ameyaweka. Pamoja na hayo alipewa nenosiri la muda, kwa kuwa aliweza kutaja anwani ya malipo na tarakimu nne za mwisho za kadi iliyosajiliwa. Saa 10:50 nenosiri lilikuwa limekwishabadilishwa, na barua ya kuthibitisha mabadiliko hayo ilifika katika kisanduku ambacho sasa kilikuwa mikononi mwa mwizi, akaitupa kwenye taka kabla mwenyewe hajaiona. Saa 10:52 barua ya kurejesha nenosiri la Gmail ilifika katika kisanduku hichohicho, na dakika mbili baadaye akaunti ya Google ikawa imehamia kwao. Saa 11:00 kamili waliifuta simu ya iPhone kutoka mbali. Saa 11:01 wakaifuta iPad. Saa 11:02 wakabadilisha nenosiri la Twitter. Saa 11:05 wakaanza kuifuta kompyuta mpakato, na karibu na wakati huo wakaifuta akaunti yote ya Google. Saa 11:12 walituma ujumbe katika ukurasa wake wa Twitter wakijitapa kuwa wao ndio waliofanya kazi hiyo. Kwa kuwa ukurasa wake ulikuwa bado umeunganishwa na ule wa Gizmodo, tovuti ya habari za teknolojia alikowahi kufanya kazi, ukurasa huo nao ukaingia mikononi mwao, wakautumia kumwaga matusi ya kibaguzi.

Tangu simu ya kwanza hadi majigambo, dakika thelathini na tisa. Honan kwa upande wake alipiga simu Apple saa 11:10, na alikaa kwenye simu hiyo muda wa saa moja na nusu. Sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu mhudumu alikuwa ameifungua akaunti ya mtu mwingine; Honan aliligundua hilo pale mhudumu alipomwita kwa jina la ukoo ambalo si lake, akamwita Herman. Mfumo uleule uliomhudumia mwizi kwa dakika kumi na saba ulihitaji dakika tisini kumtambua mwenye mali. Tofauti hiyo si ya bahati mbaya. Mwizi alikuwa amejiandaa na alijua ataulizwa nini, ilhali mwenye mali alikuwa amechanganyikiwa na hakujua hata aanze kueleza wapi.

Walikoanzia

Lengo la wezi, kama mmoja wao alivyokuja kueleza, lilikuwa jina la ukurasa wa Twitter: @mat, herufi tatu tu. Majina mafupi ya namna hiyo ni adimu na yana thamani ya kujionyesha miongoni mwa vijana wa duru hizo. Hawakuwa na ugomvi naye, hawakujua alikuwa nani, wala hawakuja kutafuta fedha zake.

Walianza kwa kusoma tu. Ukurasa wa Twitter ulielekeza kwenye tovuti binafsi ya Honan, na tovuti ilikuwa na anwani yake ya Gmail. Walikisia kwamba anwani hiyo ndiyo aliyoisajili Twitter, na hawakukosea. Kisha walifungua ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti, wakaandika anwani ile, na bila kuendelea hatua yoyote zaidi wakaonyeshwa anwani mbadala ambayo barua ya kurejesha nenosiri ingetumwa. Google ilikuwa imeificha kwa nukta, lakini iliacha herufi ya kwanza, herufi ya mwisho na jina la mtoa huduma: m, nukta kadhaa, n, kisha me.com. Yeyote aliyekwishajua jina la Mat Honan angeweza kujaza nukta hizo kwa kichwa. Pia sasa walijua kwamba ana akaunti ya Apple, na kwamba mwenye kuipata akaunti hiyo ataipata Gmail, na mwenye kuipata Gmail ataipata Twitter.

Zilibaki taarifa mbili ambazo Apple ingeziuliza. Anwani ya malipo haikuwapa shida yoyote. Honan alikuwa na kikoa chake cha intaneti, yaani jina la tovuti alilolisajili mwenyewe, na kwa kanuni za wakati huo mtu aliyesajili kikoa alitakiwa kutoa jina, anwani na namba ya simu, ambazo ziliwekwa wazi katika daftari la WHOIS kwa kila mwenye kutaka kusoma, isipokuwa kama alikuwa amelipia huduma ya kumficha. Daftari hilo lilianza kufichwa kwa upana mwaka 2018, baada ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi kuanza kutumika mwezi Mei mwaka huo. Hata bila WHOIS, nchini Marekani kulikuwa na tovuti kadhaa zinazouza anwani za watu kwa bei ndogo, na bado zipo.

Kadi iliyoongezwa kwa simu

Tarakimu nne ndizo zilizohitaji ujanja, na kwangu mimi hapa ndipo kisa kinapostahili kusomwa polepole.

Wezi walipiga simu Amazon. Mpigaji alijitambulisha kuwa ni mwenye akaunti na kusema kwamba anataka kuongeza kadi mpya ya malipo. Aliulizwa jina, anwani ya barua pepe na anwani ya malipo, akavitaja vyote, kisha akasoma namba ya kadi. Kadi hiyo haikuwapo duniani. Ilikuwa namba iliyotengenezwa na programu, yenye sifa moja tu, kwamba ilikidhi kanuni ya hesabu inayotumika kukagua namba za kadi. Kanuni hiyo ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyepewa hataza yake mwaka 1960, na shabaha yake ilikuwa kunasa makosa ya kuandika, kwa mfano karani anapokosea tarakimu moja. Haikukusudiwa kamwe kuthibitisha kwamba kadi ipo, achilia mbali kuthibitisha ni ya nani. Mhudumu aliipokea namba, akaisajili, wakaagana.

Kisha wakapiga tena. Safari hii mpigaji alisema ameshindwa kuingia katika akaunti yake. Ili kuthibitisha kwamba yeye ndiye, alitakiwa ataje jina, anwani ya malipo, na namba ya kadi iliyomo katika akaunti. Akataja ile aliyoiweka mwenyewe muda mfupi uliopita. Mhudumu wa pili akaridhika, akakubali kuongeza anwani mpya ya barua pepe katika akaunti, na baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa kuomba nenosiri jipya kupitia tovuti na kulipokea katika anwani hiyo mpya. Ndani ya akaunti kulikuwa na orodha ya kadi halisi za Honan, kila moja ikiwa imefichwa isipokuwa tarakimu nne za mwisho.

Ni rahisi kuwalaumu wahudumu wale wawili, lakini kila mmoja alifuata utaratibu wake, na kila utaratibu ukisomwa peke yake una mantiki. Nani angetarajia mhalifu apige simu ili aongeze njia ya kulipa katika akaunti ya mtu mwingine? Mhalifu wa kawaida hutaka kutoa, haweki. Kwa hiyo kuongeza kadi kulionekana ni ombi lisilo na hatari, likawekewa ulinzi hafifu. Kutumia namba ya kadi kama uthibitisho nako kulionekana ni ulinzi imara, kwa kuwa namba kamili ya kadi ni siri ya mwenyewe. Kosa lilikuwa katikati ya taratibu hizo mbili, mahali ambapo hapakuwa na mhudumu wala mkaguzi: kitu kilichopokelewa kwa ulinzi hafifu kiligeuka kuwa ushahidi katika ulinzi imara, na hakuna aliyeuliza kimeingia lini na kimeletwa na nani. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa mifumo ya utambuzi mara nyingi ni pale taratibu mbili nzuri zinapoungana. Taasisi inayokagua kila utaratibu kivyake inaweza kupita ukaguzi wote na bado ikabaki na shimo la aina hii.

Thamani mbili za kitu kimoja

Tarakimu nne za mwisho za kadi huachwa wazi kwa makusudi. Sekta ya kadi iliamua zamani kwamba mteja anahitaji namna ya kuitofautisha kadi moja na nyingine, na kwamba tarakimu nne hazitoshi kumwibia fedha. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu miamala ya mikopo inaruhusu risiti inayochapishwa kwa mashine kuonyesha hadi tarakimu tano za mwisho, na kanuni za usalama za kampuni za kadi zinaruhusu nne za mwisho zionekane. Kwa mizani ya wizi wa fedha uamuzi huo ni sahihi, na sijaona sababu ya kuupinga.

Apple ilizipima tarakimu zilezile kwa mizani nyingine. Kwake zilikuwa miongoni mwa vitu vichache vya kumtofautisha mteja halisi na mwongo, hata pale maswali ya usalama yaliposhindwa kujibiwa. Kitu ambacho Amazon ilikionyesha kwa kuwa hakina madhara ndicho ambacho Apple ilikiuliza kwa kuwa ni siri. Kila muuza duka aliyewahi kumpa Honan risiti, na kila mtu aliyewahi kuiokota risiti hiyo, alikuwa na nusu ya funguo za akaunti yake ya Apple. Nusu ya pili ilikuwa anwani yake, inayojulikana hata na mleta barua.

Hapa ndipo neno wizi wa utambulisho linapopata maana yake kamili. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na mwizi wa utambulisho anaishi kwa hesabu hiyo: anaokota chembe ambazo kila taasisi imeziona hazina uzito, kisha anazipeleka mahali ambapo zinakubalika kama mtu mzima. Kabla ya hapo, mwezi Septemba 2008, barua pepe ya Yahoo ya Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska na mgombea wa umakamu wa rais, ilifunguliwa na mwanafunzi wa chuo kwa kujibu maswali ya kurejesha nenosiri, ambayo majibu yake yalipatikana katika habari za wazi kumhusu: tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta ya mji wake na mahali alipokutana na mumewe. Kinga iliyotegemea kwamba hakuna anayezijua habari hizo ilikufa siku habari hizo zilipochapishwa, lakini maswali yaliendelea kuulizwa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa mwongozo wake wa utambuzi wa kidijitali mwaka 2017, ilikataza kumtaka mtumiaji aweke siri za namna hiyo, kama vile jina la mnyama wake wa kwanza. Ilichukua miaka tisa.

Silaha ya mwenye mali

Uwezo wa kuifuta simu au kompyuta kutoka mbali uliwekwa kwa ajili ya mtu aliyeibiwa kifaa, ili mwizi asisome kilichomo. Katika kisa hiki uwezo huo uligeuka na kumlenga mwenyewe. Wezi waliufuta uwezo wa Honan wa kujitetea kwa kubofya mara tatu, na ile PIN ya tarakimu nne iliyoombwa na kompyuta ilikuwa imewekwa na aliyetoa amri ya kufuta, kwa hiyo aliyeathirika hakuwa na namna ya kusitisha zoezi hata alipokuwa akiliona likiendelea mbele ya macho yake.

Muundo huo una dhana ndani yake: kwamba mwenye akaunti daima ni mwenye kifaa, na mwenye kushika kifaa ndiye wa kushukiwa. Dhana hiyo ni kweli katika wizi wa mfukoni, si kweli katika wizi wa utambulisho. Sidhani kwamba huduma hiyo iondolewe, kwani watu wanaopoteza simu ni wengi kuliko wanaonyang'anywa akaunti. Ila amri isiyoweza kurudishwa nyuma, itolewayo dakika kumi baada ya nenosiri kubadilishwa kwa njia ya simu, ilistahili angalau kusubiri, na kuulizwa kwanza katika kifaa chenyewe.

Kilichopotea kikubwa zaidi kwa Honan kilikuwa picha za zaidi ya mwaka mmoja, zilizokuwa na maisha yote ya binti yake hadi siku ile. Nakala nyingine hakuwa nayo. Kompyuta ilipelekwa kwa kampuni inayookoa taarifa kutoka katika diski zilizoharibika, na kwa kuwa zoezi la kufuta lilikuwa halijakamilika, sehemu kubwa ya taarifa pamoja na picha iliokolewa. Bili ilikuwa dola 1,690. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala rudufu ingegharimu kiasi kidogo tu cha fedha hizo, na Honan mwenyewe hakujitetea katika hilo.

Sehemu ya mwathirika

Alikiri pia makosa mengine. Alikuwa ameunganisha akaunti zake kama shanga katika uzi mmoja, kila moja ikiirejesha nyingine. Alitumia mtindo uleule wa jina katika anwani zake, ndiyo maana nukta za Google hazikuficha kitu. Na hakuwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili katika Gmail, yaani ule unaodai uthibitisho wa pili juu ya nenosiri, ingawa Google iliufungua kwa watumiaji wote mwezi Februari 2011, mwaka mmoja na nusu kabla ya tukio. Kwa maelezo yake mwenyewe, kama angeuwasha, mambo yangekomea pale.

Nakubaliana naye kwa kiasi. Mtu anayetaka kujua kama yuko katika hali ileile anaweza kuchora akaunti zake kwenye karatasi, kisha kutoka kila akaunti achore mshale kuelekea mahali ambapo nenosiri lake hurejeshwa. Wengi watakuta kwamba mishale yote inaishia katika barua pepe moja, na barua pepe hiyo inaishia katika namba moja ya simu. Kituo hicho cha mwisho ndicho kinachostahili ulinzi wote ambao mtu anaweza kuupata, hata kama akaunti yenyewe haitumiki kwa lolote la maana. Anwani ya me.com ya Honan ilikuwa ya akiba tu, na huko ndiko alikoingiliwa. Ni busara anwani ya kurejeshea akaunti iwe ya pekee, isiyochapishwa popote, isiyofanana na jina la mwenyewe, na isiyotumika kununulia vitu.

Kuhusu hatua ya pili ya uthibitishaji, namna zake hazilingani. Msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu ni bora kuliko kukosa, lakini unahamisha tatizo kutoka kwa mhudumu wa Apple kwenda kwa mhudumu wa kampuni ya simu, ambaye naye anaweza kushawishiwa aihamishie namba kwenye laini nyingine. Tarehe 30 Agosti 2019 ukurasa wa Jack Dorsey, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Twitter, uliandikwa matusi na watu waliokuwa wameinyakua namba yake ya simu kwa njia hiyo. Mwongozo wa NIST wa mwaka 2017 uliuweka ujumbe mfupi katika kundi la njia zenye masharti. Programu inayozalisha msimbo mpya kila sekunde thelathini ndani ya simu yenyewe haitegemei namba ya simu, na ufunguo wa usalama unaochomekwa kwenye kifaa ni imara zaidi, kwa sababu haukubali kutoa jibu kwa tovuti ya uongo.

Hata hivyo sikubali kwamba makosa ya Honan na ya kampuni zile yawekwe kwenye mizani moja. Yeye alikosea katika mambo ambayo watu wengi hukosea, tena watu wasio na taaluma yake. Kampuni zilikosea katika jambo ambalo mteja hawezi kuliona wala kulirekebisha. Hakuna nenosiri refu kiasi gani linaloweza kumkinga mtu dhidi ya mhudumu mwenye ruhusa ya kulibadilisha, na Honan hakuwa na njia ya kuiambia Amazon kwamba asingependa akaunti yake ibadilishwe kwa simu.

Kilichobadilika

Siku ya Jumatatu baada ya tukio, waandishi wa Wired waliijaribu mbinu ile katika akaunti nyingine, na ikafanya kazi. Msemaji wa Apple alikuwa amesema kwamba taratibu za ndani hazikufuatwa kikamilifu. Jaribio la Wired linaifanya kauli hiyo iwe ngumu kuikubali, kwa sababu utaratibu unaovunjwa kwa namna ileile na wahudumu tofauti huwa ndio utaratibu wenyewe. Wiki hiyohiyo Amazon iliacha kubadilisha taarifa za akaunti kwa simu, na Apple ikasitisha kwa muda utoaji wa manenosiri mapya kwa njia hiyo. Apple ilileta uthibitishaji wa hatua mbili mwezi Machi 2013, Twitter mwezi Mei mwaka huohuo, na Amazon ikafuata mwishoni mwa mwaka 2015.

Mhudumu wa simu, hata hivyo, hakuondoka katika mnyororo. Tarehe 15 Julai 2020 kundi lililoongozwa na kijana wa miaka 17 kutoka Florida liliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter, likawahadaa hadi likapata njia ya kuingia katika zana za ndani, na kuzilenga akaunti 130, zikiwamo za Barack Obama, Joe Biden na Elon Musk, ambazo zilitumika kuwarubuni watu watume bitcoin. Hapo hapakuwa na tarakimu nne wala anwani ya nyumbani. Palikuwa na sauti yenye kujiamini, na mtu aliyeajiriwa ili asaidie.

Bei ya kujua

Siku za mwanzo Honan aliamini kwamba nenosiri lake la iCloud, lililokuwa na herufi na tarakimu saba, lilikisiwa na kompyuta hadi likapatikana. Maelezo hayo yalieleweka, yalifanana na yale ambayo kila mtu husikia kuhusu wadukuzi, na yalimpa dawa rahisi ya kuweka nenosiri refu zaidi. Yalikuwa si kweli.

Ukweli aliupata kwa sababu mmoja wa wezi, aliyejiita Phobia na kusema ana miaka 19, aliwasiliana naye. Walipatana kwamba Honan hatamfungulia mashtaka, naye Phobia ataeleza walivyofanya, hatua kwa hatua. Wapo waliomlaumu kwa mapatano hayo. Mimi ninayaona kuwa ndiyo sababu pekee ya kisa hiki kuweza kuchambuliwa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kupata hadithi nzima: Apple ilikuwa na kumbukumbu ya simu yake, Amazon ilikuwa na kumbukumbu za simu zake mbili, Google ilijua tu kwamba nenosiri limebadilishwa kwa njia halali, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na sababu ya kumpigia mwenzake.